Titi la Kushoto na Mikono ya Mama Mkwe

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe tena! Naona kule nyuma mmeitikia kwa uvivu, mnadhani nimekuja kushuhudia habari za duka. Leo sishuhudii duka. Leo nashuhudia kifua changu.

Mchungaji, samahani. Nilikuomba nafasi, ila sikukwambia nitatumia maneno gani. Nitasema matiti. Mungu ndiye aliyeyaumba, na wote mliomo humu ndani mmekuzwa nayo. Mlioanza kuangaliana, angalianeni, mkimaliza mnisikilize.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Kulwa, nauza vitenge na magauni hapa Kahama. Mume wangu yuko Segese kwenye karasha, anasaga mawe ya dhahabu. Mungu alitupa mapacha, Kulwa na Doto, na walinyonya kweli kweli, hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Walipoacha ziwa, mimi nikabaki na ngozi tupu. Sikuwa mgonjwa, ndugu zangu, sitaki kuwadanganya. Lakini nilikuwa nauza magauni ambayo nikiyavaa mwenyewe yanalegea kifuani, na jambo hilo liliniuma. Nikakaa na Baba Kulwa tukazungumza, akakubali. Nikaenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa upasuaji, dada mmoja bado kijana, mpole, akaniwekea mifuko ya silikoni. Nilitoka mikononi mwake yakiwa sawasawa, kulia na kushoto. Nililia kwa furaha mbele ya kioo, na sioni haya kulisema.

Wakati wa kuondoka daktari alinipa masharti. Vaa sidiria hii maalumu, usinyanyue mzigo, usijifunge kitu cha kubana, asikukande mtu. Nikaitikia yote.

Nafika nyumbani, namkuta mama mkwe wangu ameshafika kutoka Runzewe. Mama huyu ni Mkatoliki, rozari haimtoki mkononi, mwanamke wa jembe na wa ng'ombe, na ananipenda kuliko ninavyostahili. Nilipojifungua mapacha ndiye aliyenikanda, ndiye aliyenilisha uji, ndiye aliyenirudisha kwenye miguu yangu. Sasa ninyi mnajua mambo yetu. Mwanamke akirudi kutoka hospitali na mshono, sufuria inabandikwa, maji yanachemka, taulo linachovywa, anakandwa. Haulizwi! Na mama mkwe akikukanda amekupa heshima kubwa. Ukimkatalia, umemwambia mbele ya mji mzima kwamba mikono yake haifai.

Nilijaribu. Nikasema, "Mama, daktari amekataza kukanda."

Akacheka. "Ng'wanone, mwanangu, huyo daktari amezaa wangapi?"

Taulo likaja. Alinikanda kila asubuhi, kwa upendo wote aliokuwa nao, na mikono ile imelima mashamba, haijui kugusa kidogo. Akimaliza ananifunga khanga kifuani, anaikaza, fundo analiweka chini ya titi la kushoto, kama anavyofungwa mzazi ili arudi kwenye umbo lake. Nilikuwa nauma midomo. Yeye akiona nauma midomo anajua dawa inaingia, anaongeza maji ya moto.

Ndugu zangu, titi la kushoto likaanza kupanda. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Baadaye likawa limehama kabisa, liko juu, limeelekea kwapani, gumu, linauma nikigeuka kitandani. La kulia limetulia mahali pake. Nikaanza kutembea na kitenge begani hata jua likiwa kali la kupasua kichwa. Mteja mmoja akaniuliza kama nimeanguka na pikipiki, maana aliona bega moja nimelishikilia. Nikaacha kuongoza pambio hapa kanisani. Mliambiwa Mama Kulwa ana mafua. Mafua gani yale yasiyopona? Niliogopa kunyoosha mikono juu mkaona.

Nilimlilia Mungu. Nilisema, Bwana, kama umekasirika kwa sababu nilitaka kupendeza, niambie tu. Hakuniambia. Nikajikuta naogopa hata kuoga, nisije nikajitazama.

Siku moja mama mkwe aliingia chumbani bila kubisha, akaniona. Alikaa kitandani akashika rozari yake, midomo inacheza, halafu akasema, "Tunakwenda kwa yule daktari wako. Mimi na wewe." Baba Kulwa akatukatia tiketi za basi, mapacha wakabaki kwa dada yangu, tukaenda.

Daktari alinitazama kwa muda mrefu, akanipeleka kwenye kipimo, akanirudisha ofisini kwake. Alikuwa amehuzunika, nilimwona. Akasema mfuko haujapasuka, ila jinsi titi lilivyokaza na kuhama, anahofia mwili wangu umeukataa. Kama umeukataa, atatoa yote mawili na hatayarudisha tena. Nitarudi nyumbani na makovu na ile ngozi yangu tupu. Halafu akauliza, "Mama Kulwa, kuna kitu kilitokea nyumbani? Uliumia? Kuna mtu alikukanda au kukufunga?"

Nikavuta kitenge changu begani.

Nisikilizeni hapa, wakwe wenzangu. Ningesemaje? Mama mkwe wangu amekaa pale pembeni, ameshika kikapu chake, amesafiri siku nzima kwa ajili yangu. Nimtaje mbele ya mtu baki, tena msomi, kwamba huyu mama ndiye aliyeniharibu? Heri nitolewe yote! Niliangalia chini, nikasubiri daktari aandike ya kuandika.

Nikasikia kikapu kinawekwa chini. Mama mkwe wangu akasimama, akaenda mbele ya meza ya daktari, akapiga magoti. Mwanamke yule ambaye wajukuu wake wakimsalimia wanapiga magoti! Akapiga magoti kwa binti anayeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Akanyoosha mikono yake miwili, akasema, "Daktari, ni hii. Mtoto alinikataza nikamcheka. Nilimkanda, nikamfunga. Usimkate kwa kosa langu."

Mimi machozi yalinitoka, nikashindwa hata kumnyanyua.

Na Mungu ambariki yule daktari! Wapo ambao wangemfokea. Wangesema ninyi watu wa vijijini mnatuharibia kazi. Daktari yule alitoka nyuma ya meza yake, koti jeupe na yote, akapiga magoti naye pale sakafuni. Akasema, "Shikamoo mama. Nisamehe, ulipoingia sikukusalimia vizuri. Nionyeshe ulivyokuwa unakanda." Akachukua mto wa kitanda cha wagonjwa akauweka mbele yake.

Mama akaonyesha. Kulia anapapasa, kushoto anasukuma kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mkono wake wa kulia ndio wenye nguvu na nilikuwa nakaa mbele yake tukitazamana. Akaonyesha na fundo la khanga lilivyokuwa linakaa. Daktari anatazama, anauliza, "Hapa? Mpaka huku?" Mama anaitikia. Wamepiga magoti wote wawili, wanaukanda mto, na mimi nimekaa kwenye kiti nawatazama. Ndugu zangu, sijawahi kuona ibada nzuri kama ile!

Daktari akainuka anacheka. Akasema, "Basi mwili haujakataa! Mfuko umesukumwa tu ukiwa bado haujashika, umetengeneza chumba mahali pasipo pake." Akatueleza kwamba atafungua kushoto peke yake, atashusha mfuko mahali pake, atashona lile pengo la juu ili usipande tena. La kulia haligusi. Akaniambia pia ukweli, kwamba hayatakuwa kama yamepimwa kwa rula, maana hata aliyoumba Mungu hayako hivyo. Nikamwambia daktari, mimi nataka yakae kifuani tu, yasitembee.

Siku ya upasuaji tuliomba kwenye korido. Mama na rozari yake, mimi na kilokole changu, kila mtu kwa lugha yake, na Mungu akasikia vyote. Nilipozinduka kutoka nusu kaputi niliona uso wake kwanza. Akaniambia, "Limeshuka." Haleluya!

Nikarudi Kahama. Na ninyi kina mama wa kanisa hili, nawapenda, mlikuja na chupa za maji ya moto na mataulo yenu kwapani. Mnakumbuka mlichokutana nacho mlangoni? Mama mkwe wangu ameweka kigoda, amekaa, amekunja mikono. "Karibuni uji, karibuni maombi. Hakandwi mtu hapa. Mimi nilishakanda, nikaharibu." Aliwaambia hivyo mmoja mmoja, hata wale ambao wangeweza kwenda kumsema sokoni. Alikaa pale mpaka nyuzi zikatolewa.

Leo niko mzima. Titi la kushoto liko mahali pake, laini, haliumi. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu ambaye hakunicheka hata siku moja, namshukuru daktari yule. Na kuna mtu mwingine. Nilimuuliza kama naweza kusimulia haya mbele za watu. Akasema, "Simulia yote, na mimi unitaje." Amekuja leo, na kanisa hili si lake. Yuko pale dirishani, mwenye kilemba cha bluu. Mama, nakuomba usiiname.

Ndugu zangu, mtazameni mama huyu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaja, na hakuna ambaye angejua. Ningetolewa yote mawili, na yeye angerudi Runzewe na heshima yake yote. Aliiweka heshima hiyo chini sakafuni ili mimi nipone. Nimehubiriwa upendo tangu nimeokoka, lakini siku ile niliuona kwa macho.

Kwa hiyo wewe unayekaa hapo na maumivu umeyafunika na kitenge, mtumaini Bwana, inuka ukaseme. Mwambie Mungu, halafu mwambie daktari hayo hayo, usipunguze neno. Na wewe uliyemuumiza mtu ukidhani unamsaidia, usiogope. Sema leo, kabla hajakatwa kwa ajili yako. Njoo mbele tuombe pamoja.

Mama, wabeja sana, asante. Simama wakuone.