Fundi Rangi na Mizizi ya Kichina

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo kidogo, sogeeni. Leo tunamkumbuka fundi rangi tuliyemwita Mkono wa Pili. Jina alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia apake ukuta mara moja, anagoma: lazima arudie rangi juu ya rangi, mkono wa pili. Hata choo cha shemeji yake alikipaka mara mbili, mpaka shemeji akamuuliza, "Kwani humu anakuja mkaguzi?"

Fundi aliishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi, akimeza vidonge vya hospitali kila siku. Mkewe hakuwa navyo. Hilo lishikeni: mkewe hakuwa na virusi, na vidonge vya mumewe ndivyo vilivyomkinga.

Halafu chakula kikamshinda. Nyayo zikawa zinawaka moto. Daktari akamruhusu kujaribu mitishamba ya Kichina, pamoja na vidonge, si badala yake. Mwuza mitishamba, mama mmoja mkali, akamwambia vilevile: mizizi hii itakurudishia hamu ya kula, virusi haiviwezi.

Fundi akachemsha, akanywa. Mkewe anasema dawa ilikuwa chungu mpaka akawa anasalimia majirani kakunja uso. Lakini akala. Akapanda ngazi tena. Hapo ndipo akapiga hesabu ya kifundi: mkono wa pili umeshakaa ukutani, kopo la kwanza la nini tena? Akaacha vidonge. Kimyakimya.

Miezi ikapita. Kikohozi kikaingia. Mkewe akatikisa kopo la vidonge kabatini: limejaa. Hakugomba. Akalibeba mpaka kwa yule mama, akamkuta mumewe palepale, anaomba mizizi zaidi.

Mama akalitazama kopo. Akafunga droo.

"Baba, hapa hupati hata jani. Nenda hospitali."

Fundi akajitetea kwamba nguvu anazo. Mkewe akamkatiza.

"Na mimi je, mume wangu?"

Wasikilizaji, fundi alikaa chini. Hilo hakuwa amelifikiria.

Akarudia vidonge, lakini mapafu yalikuwa yameshaelemewa. Kitandani hakuulizia majibu yake. Aliulizia ya mkewe. Kipimo cha kwanza, hana. Wakaambiwa kirudiwe baadaye, maana virusi vikiwa vipya huchelewa kuonekana. Dada yake fundi anasema, "Kule kusubiri kulimla kuliko homa."

Majibu ya marudio yalitoka Jumanne. Mkewe akainama sikioni kwake.

"Sina."

"Haya," fundi akasema. "Sasa nilale."

Jumatano tukampoteza.

Mjane, dada, shemeji, poleni sana. Tuko nanyi. Na wewe unayenisikiliza: kuna dawa umeiacha kwa siri kwa kuwa unajisikia vizuri? Kuna mtu hapo nyumbani hajui. Mwambie.