Filsan Bishar Warfa, Binti wa Balambala Aliyepima Majivu ya Volkano (1986–2024)

Ndugu na majirani mliokuja nyumbani kwetu Balambala kwa dua hii, huyu ndiye dada yangu, kama nilivyomjua mimi Abdinoor, mdogo wake.

Filsan alizaliwa hapa tarehe 14 Machi 1986, kifungua mimba wa marehemu mzee Bishar Warfa na Mama Istar. Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Garissa mjini, kisha jiolojia Nairobi, akahitimu mwaka 2010. Mjomba alimuuliza kwa nini asomee mawe na malishoni yamejaa tele. Akajibu kwamba hata ng'ombe wamejaa, na bado daktari wa mifugo husoma.

Alifanya kazi Naivasha, akichimba matabaka ya majivu karibu na volkano ya Longonot, akichekecha chembe kwa ukubwa na kupima densiti ya kila kundi, yaani uzito wake kwa ujazo. Kipande kikubwa, alitueleza, kina matundu ya hewa ndani, kwa hiyo ni chepesi. Chembe zikizidi kuwa ndogo matundu hupotea na densiti hupanda. Wanaotumia densiti moja kwa chembe zote walimkera kweli, maana hukosea wanapokadiria majivu yatafika wapi.

Mama hakukubali kwamba jiwe huelea. Siku moja, mbele ya mgeni kutoka Naivasha, Filsan alitia jiwe la mama la kusugulia visigino kwenye beseni, likaelea. Akalitwanga, unga wake ukazama. Mgeni akapiga makofi. Mama akasema, "Sawa, nimeona. Sasa mguu yangu nasugua na nini?"

Mwaka 2013 aliolewa na mwalimu Shuaib Billow wa huko Naivasha. Kila Idi alisema mwakani watahamia Balambala, na kila Idi tulimsubiri.

Saratani ya damu iligunduliwa mwaka 2023. Mwishoni aliomba kitu kimoja tu: amwone mama. Mama akaondoka siku hiyohiyo, lakini maji ya Tana yalikuwa yamefunika barabara pale Mororo na hapakuwa na njia ya kupita. Filsan alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024. Shuaib akampigia mama simu kuuliza kama wangoje. Mama akasema, "Mzikeni. Mwanangu asicheleweshwe kwa ajili yangu." Akazikwa Naivasha baada ya swala ya alasiri. Tuna hamu naye, na kaburi lake liko mbali.

Ameacha mume wake Shuaib, binti yao Sabirin, Mama Istar, na mimi.

Nilipomsomea mama maneno haya jana, alisikiliza yote, akanishika mkono, akaniita kwa Kisomali kama mama amwitavyo mwanawe: "Hooyo, andika kwamba nilikuwa njiani."

Mola amrehemu Filsan, na amwandikie mama kuwa alifika.