Muuaji Aliyemkodolea Macho Mkwewe

FANUELI: Haloo? Haloo! Forodha Tunduma hapa. Nani mwenzangu?

OSEA: Mimi, Osea! Napiga toka Igamba, ofisi ya kahawa!

FANUELI: Nani? Paza sauti, waya unanguruma.

OSEA: Osea! Bwana harusi wa Jumamosi! Wewe si mshenga wangu?

FANUELI: Aaa, muuaji! Habari za huko?

OSEA: Njema. Za Tunduma?

FANUELI: Njema tu, ila... (anacheka) njema.

OSEA: Mbona unacheka? Karani mkuu kaenda kula, nina dakika tatu. Ile sinema ya Bwana Kosta mmeiona?

FANUELI: Mji mzima! Jana, giza lilipoingia tu, shuka likafungwa kwenye milingoti ya goli—

OSEA: Na mimi je?

FANUELI: Umetisha, ndugu yangu! Ulivyotokeza ndani ya ukuta na gunia la kahawa mabegani, mzee Amoni aliruka akaacha kiti na kiatu.

OSEA: Ukuta gani, ule mkeka! Bwana Kosta alizima mashine ya kupigia picha, nikaingia, akaiwasha tena.

FANUELI: Usiniambie! Mimi bado nataka kuogopa. Na wale watu kumi na mmoja uliowaua—

OSEA: Wote ni Sadoki peke yake. Anakufa, anabadili kofia, anakuja kufa tena.

FANUELI: Ndiyo maana watu walipiga kelele, "Huyu si keshakufa?" Na ile damu?

OSEA: Masizi na asali. Nyuki walinifuata siku mbili. (wote wanacheka) Na kina Tumpe? Walikuja?

FANUELI: Walikuja, ila...

OSEA: Haloo? Umekatika?

FANUELI: Sijakatika. Osea... jembe liko hapa mezani.

OSEA: Jembe gani?

FANUELI: Lako la posa. Mama Tumpe kalirudisha asubuhi hii.

OSEA: Kalirudi— Kwa sababu nimeua? Mwambie ni mchezo!

FANUELI: Kuua hana neno nako. Ulipomnyonga yule karani wa kodi alipiga makofi, akataka umnyonge tena.

OSEA: Sasa kosa langu nini?

FANUELI: Alikaa mbele kabisa. Hakuna aliyemwambia muuaji ni wewe. Ikafika pale uso wako unapojaa shuka zima, mlingoti hadi mlingoti. Watoto wakapaza sauti, "Osea huyo!" nawe unamkazia macho. Mkweo!

OSEA: Mungu wangu.

FANUELI: Tangu upose, mwaka wa pili huu, ukimwona njiani unazama kwenye mahindi asikuone, naye anakupa mgongo. Heshima umeilinda vizuri kabisa. Halafu jana, mbele ya mji mzima, unamtazama bila hata kupepesa!

OSEA: Nilikuwa naitazama mashine! Bwana Kosta alisema nikipepesa tunarudia, na mkanda hana!

FANUELI: Mwenzio akajifunika kitenge kichwani. Akangoja. Akachungulia. Bado upo!

OSEA: Kale kasehemu ni karefu kidogo...

FANUELI: Basi akaona bora ahame. Akazunguka nyuma ya shuka, ili akae upande wa mgongo wako.

OSEA: Lakini nyuma—

FANUELI: Nyuma nako uso! Uleule! Alipiga yowe, aliyeshika injini ya umeme akaizima kwa hofu.

OSEA: (anacheka mpaka anakohoa) Usicheke, Fanueli!

FANUELI: Unacheka wewe.

OSEA: Nacheka huku nalia. Nampenda Tumpe, bwana. Mwenyewe anasemaje?

FANUELI: Yuko hapa dirishani. Anasema jembe likirudi Igamba atalibeba yeye, na yeye harudi.

OSEA: Kasema hivyo? Basi mwambie mama nitaleta mbuzi wa kuomba radhi. Hata wawili—

FANUELI: Hataki mbuzi. Ngoja, ananivuta shati.

OSEA: Nani anakuvuta shati?

FANUELI: Mama Tumpe. Amesimama hapa, ameipa simu mgongo.

OSEA: Tangu saa ngapi?

FANUELI: Tangu haloo.

OPERETA: Igamba, mmebakiza dakika moja.

MAMA TUMPE: Lete hicho. Naongelea huku?

FANUELI: Huko ni kwa kusikilizia, mama. Kigeuze.

MAMA TUMPE: Una hakika hana uso humu?

FANUELI: Hana, mama. Sauti tupu.

OSEA: Shikamoo, mama. Nimefumba macho.

MAMA TUMPE: Marahaba. Usiyafumbue. (waya unakwaruza) Wewe, nilikupa binti yangu kwa kukusikia tu, sura yako sikuijua. Jana nimeiona.

OSEA: Nisamehe, mama.

MAMA TUMPE: Aibu yangu nimeirudisha pamoja na jembe. Kilichoninyima usingizi ni kingine. Mbona umekonda hivyo?

OSEA: Mama?

MAMA TUMPE: Mashavu yamebonyea, macho yameingia ndani. Nani anakupikia huko?

OSEA: Najipikia. Ila yale ni masizi, mama, nilipakwa chini ya macho—

MAMA TUMPE: Masizi hayakondeshi shingo! Mtoto wa watu anatembea na njaa, sisi tunakaa tunamkimbia!

OPERETA: Muda umekwisha, Igamba.

MAMA TUMPE: Na wewe nani? Nyamaza, naongea na mwanangu!

OSEA: Mama, na jembe?

MAMA TUMPE: Nitarudi nalo nyumbani. Jumamosi uje na lile gunia, ujifunike mpaka mchungaji amalize. Chakula nitakipika mwenyewe, Fanueli akuletee, na sahani nitaikagua.

OSEA: Ahsante, mama! Ahsante sana!

MAMA TUMPE: Halafu, Osea... mwisho sikuuona, nilikuwa nakimbia. Walikukamata?

OSEA: Hapana, mama. Mkanda uliisha kabla—

OPERETA: Nakata.

MAMA TUMPE: Afadhali. Haloo? Afadhali, nimesema!

FANUELI: Imekatika, mama.

MAMA TUMPE: Basi naweza kugeuka?