Wavu wa Kaka Mezak

Mchungaji, wazee wa kanisa, na majirani zetu wote wa ghuba hii ya Hatuwela, mimi ni Elsina, mdogo wa mwisho wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo sikuitaka.

Kaka yetu Mezak Souhoka alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 hapahapa Hatuwela, akasoma shule ya kijiji mpaka darasa la sita, akaacha kwa sababu alikuwa analala darasani, akaingia baharini na baba. Mwaka 1987 alifunga ndoa na wifi yangu Yosina, wakajaliwa binti mmoja, Mersi. Mwaka 1994 alikuwa wa kwanza kufuga samaki aina ya chewa kwenye vizimba katika ghuba hii, nanyi mkajifunza kwake, mkaazima kwake nyavu, kamba, mtumbwi, hata sufuria ya kupikia papeda, ule uji wetu mzito wa sago, maana hapa kwetu mtu asiyeombwa kitu ni kama hayupo.

Juni 2019 chewa wake walitoka madoa meupe, ule ugonjwa tunaouita chumvi, unaoletwa na kijidudu cha seli moja, chenye vinyweleo vya kuogelea, kisichoonekana kwa macho, kinachojichimbia ndani ya ngozi na mashavu ya samaki. Kaka aliwaogesha maji ya kisima, madoa yakatoweka, akafurahi mno, asijue kwamba kijidudu kile kikishashiba hushuka chenyewe, kikajigandisha kwenye nyuzi za wavu na kuzaana humo, mpaka wavu ukaushwe juani. Jioni hiyo jirani yake, Bapa Dominggus, alikuja na wavu uliochanika, akasema, "Kaka Mezak, niokoe bwana, samaki wangu watanitoroka wote," naye akamjibu, "Chukua huu wangu niliotoa kizimbani leo, bado unachuruzika, utauanika mwenyewe, au na hilo nikufanyie mimi?" Wakacheka, na hakuna aliyeuanika, na kabla haujarudi ulikuwa umezunguka ghuba nzima.

Kufikia Agosti samaki wote wa vizimba vyetu walikuwa wamekufa, wakihema juu ya maji midomo wazi, na harufu ile mnaikumbuka. Hakuna aliyemtukana kaka yangu. Mlimsalimu kanisani kama kawaida, ila hamkuja tena kuazima, hata kiberiti, naye kila jioni alikaa barazani, nyavu zake zimekauka na kukunjwa vizuri, akiuliza, "Mama Mersi, hajapita mtu?" Wifi alimjibu, "Labda kesho," mpaka akachoka kumjibu.

Aliugua ini kuanzia mwaka 2021, akalazwa mjini Ambon, akakataa chakula, akafariki tarehe 9 Februari 2023. Daktari ameandika ni ini, nami sina la kuongeza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafugaji wenzake, kwaya, na majirani. Kipekee tunamshukuru Bapa Dominggus, ambaye leo asubuhi alipiga hodi mlango wa nyuma, akasema, "Mama Mersi, niazime chepe la Kaka Mezak, langu limevunjika mpini," na hilo ndilo lililochimba kaburi hili.

Kaka, wamekuja kuazima. Pumzika sasa, kwa amani.