Papa Wilondja na Mifuniko Ishirini na Miwili

Wapendwa mliotoka Ingleburn, Bankstown na hapa hapa Granville, na ninyi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia inawaomba masikio kidogo, tuwasomee maisha ya mtu wetu tangu alipozaliwa hadi Jumanne iliyopita.

Marehemu Balthazar Wilondja alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968 hadi 1974, kisha akaanza sekondari Uvira na kuiacha mwaka wa pili, yeye akisema ni ada, lakini waliosoma naye wamo humu ndani na wanajua kwamba ilikuwa hesabu.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Marie-Jeanne, ambaye siku zile alikuwa akipokea barua nzuri nzuri kutoka kwa Aloys, huyu huyu Papa Aloys mnayemjua, mambo ambayo leo hatuyafukui, na Mungu akawajalia watoto wanne, Olivier, Armelle, Bénie na Lydie. Vita vya mwaka 1996 viliwapeleka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na tarehe 9 Agosti 2009 wakatua Sydney, kwenye baridi, familia nzima imevaa ndala.

Alifanya kazi ghala moja la Ingleburn, halafu Oktoba 2013 akaajiriwa na timu ya besiboli ya kulipwa, kutunza chumba cha wachezaji, kufua jezi, kupanga makabati na kusugua matope kwenye viatu, kazi aliyoifanya miaka kumi bila kuuelewa mchezo wenyewe hata siku moja, kwa kuwa macho yake hayakuwa uwanjani, yalikuwa kwa makapteni, akitazama nani anawaongoza vipi wale wanaume ishirini na tano, kisha anatuletea sisi nyumbani tuonje.

Kapteni wa kwanza, Kelly, aliongoza kwa kelele, akipiga teke pipa la taka mtu akichelewa, na kwa kuwa mwaka 2014 marehemu alichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, naye akaanza kupiga meza na kutaja waliochelewa kwa majina ya baba zao, mpaka mikutano ya watu sitini ikabaki na watu tisa, wote wakiwa wakwe na watoto wake. Kapteni wa pili, Brody, hakusema neno, alifika wa kwanza, akaokota taulo za wenzake, akaondoka wa mwisho, na marehemu akampenda sana, akaja kuendesha mkutano mzima kwa kunyamaza na kututazama, mpaka kina mama wakadhani amepata habari ya kifo kutoka nyumbani, wakaanza kulia na kupitisha kikapu cha rambirambi.

Wa tatu hakuwa kapteni kabisa, alikuwa mdakaji mipira mmoja mzee kutoka Jamhuri ya Dominika, Delacruz, aliyekuta warushaji wawili hawasalimiani, akampa mmoja mkoba wa mipira uliofungwa kufuli na mwingine ufunguo wa kufuli hiyo, akaenda zake kunywa kahawa, na wiki haikuisha wale wawili wakawa wanacheka pamoja, jambo ambalo marehemu alilisimulia hadi tukachoka.

Oktoba 2022 jumuiya yetu ikapasuka, kwa sababu Papa Aloys alichagua kitenge cha sare, kile cha samaki wa kahawia, bila kuwauliza kina mama, na Mama Falone akatoka na nusu ya watu. Wakamtaka mwenyekiti agawe vyombo vya misiba, naye akampa Mama Falone sufuria zote ishirini na mbili, akampa Papa Aloys mifuniko yote ishirini na miwili, akakunja karatasi yake, akaenda nyumbani. Tulisema amezeeka vibaya. Kumbe alikuwa na hofu moja tu, aliyomwambia mkewe peke yake, kwamba atakufa watu wakiwa vipande viwili, azikwe na nusu, na nusu nyingine ije kesho yake.

Figo zikaanza kumsumbua Februari 2024, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Papa Aloys na Mama Falone walikuja kumwona, kila mmoja siku yake, kila mmoja akiomba apewe nusu ya mwenzake, naye akafumba macho kama amelala. Nesi Jepchumba ni shahidi kwamba mlango ukifungwa alikuwa akifumbua jicho moja na kuuliza, “Ameenda? Haya, lete chai.” Alitutoka tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, bila kuwaona wakikaa pamoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Jepchumba zaidi, majirani wetu wa Granville, na wachezaji wale warefu pale dirishani, ambao wamekuja na suti na machozi.

Tunawatangazia pia kwamba chakula kitachelewa kidogo. Wali wa watu mia tatu haupikwi kwa kufunikwa na karatasi ya alumini, kwa hiyo leo asubuhi sufuria zilifika jikoni, mifuniko nayo ikafika, bila mtu kumtazama mtu, mpaka mfuniko mmoja ukakataa kukaa, Papa Aloys akasema, “Mama, huo ni wa ile kubwa,” na Mama Falone akamjibu, “Nimeona, mimi si kipofu, sogea basi ushike upande huo.” Ni maneno yao ya kwanza kwa miaka miwili na miezi saba, na tulipoanza kusoma hapa walikuwa bado huko jikoni, wakigombana juu ya chumvi.

Basi pumzika, Balthazar, amani unayo. Tunakuzika wote.