Walitaka Kumnyoa Mama Mkwe kwa Sababu ya Breki

Bwana asifiwe! Mbona mnaitikia kama watu wanaoumwa meno? Bwana asifiwe sana! Mimi ni mama Yusta wa Mlabani, mnanijua, na leo sikuja hapa mbele kwa upole. Nimekuja kumshukuru Mungu, lakini hasira bado ninayo, nanyi mtanivumilia.

Ndugu zangu, mume wangu, baba Yusta, alinunua pikapu. Siku hizi za ruksa, serikali imeachia biashara, kila mtu anataka gari, na yeye akataka. Lilikuwa kuukuu, limeshapita mikono ya watu wengi, lakini lilitembea, na lilitubebea mpunga kutoka Mofu. Siku lilipoingia uani, mama mkwe wangu alilizunguka, akagonga bati, akasema, "Mwanangu, hili litakusumbua." Basi! Maneno ya mzee yeyote mwenye macho. Mimi mwenyewe niliona hivyo hivyo, ila nilinyamaza.

Masika ikaanza, na breki nazo zikaanza. Unakanyaga, pedeli inashuka taratibu mpaka chini kama umekanyaga tope. Baba Yusta akawa anapampu weee ndipo gari lisimame. Anaongeza mafuta ya breki, safari chache tu, yamekwisha. Siku moja tunarudi na magunia, tunateremka kuelekea darajani, akapampu, hakuna kitu! Nilimwita Yesu, Maria na watakatifu wote ninaowajua kwa majina. Tukaacha barabara, tukaishia katikati ya jaruba la mpunga la watu, wazima. Ningekuwa na akili ningeshukuru pale pale, lakini tope lilikuwa limenijaa mdomoni.

Akaitwa fundi Kaspari. Akavua magurudumu yote, akachungulia: makavu. Akafuata mabomba ya breki kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma: makavu. Chini ya gari hakuna hata tone. Akajaza mafuta, yakapungua tena. Mwisho akafuta mikono, akasema, "Mama Yusta, mafuta hayapai angani. Lakini yanakwenda wapi, mimi sielewi."

Laiti wote wangeishia kusema hawaelewi! Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba mkwe, alikuwa amekaa pale, na yeye huwa anaelewa kila kitu. "Mafuta yanakwisha na hayavuji," akasema. "Hiyo si kazi ya spana. Nani alilitamkia gari hili siku ya kwanza?"

Wakakumbuka. Wakakumbuka pia kwamba mama hajawahi kulipanda, shambani anakwenda kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu, kwa sababu ana akili! Lakini watu wakishaamua, hata akili zako zinakuwa ushahidi. Shemeji, majirani, hata watu tunaopokea nao komunyo, kila mmoja akawa na neno. Na baba Yusta wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akakubali: mama yake avushwe ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, kwa mganga, akanyolewe uchawi. Mnajua inavyokuwa. Kichwa chote kinanyolewa, mbele za watu, eti uchawi utoke. Na ukirudi, hakuna tena anayekuachia mtoto wake umpakate.

Nililia, nikagomba, nikasusa kupika. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia mbele ya padri. Na mama mkwe? Alisema tu, "Nitakwenda, mwanangu. Nikikataa watasema ni kweli."

Sasa sikilizeni upumbavu ulipofikia. Wampeleke na nini? Na gari hilo hilo! Gari lisilo na breki, literemke kwenye kivuko cha Kilombero, mto umefurika, na mbele ya kivuko kuna mnyororo tu wa kuzuia gari lisitumbukie! Nikauliza, "Breki je?" Baba mdogo akajibu, "Mchawi mwenyewe akiwemo ndani, zitashika." Nilitaka kumrushia mwiko.

Asubuhi ya safari, wanaume wakinywa chai, nikachukua ufagio. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na niliapa hatakaa kwenye uchafu. Nyie mnajua desturi yetu: masika, tunamwaga pumba za mpunga sakafuni mwa gari zinyonye tope la miguuni, na zikilowa tunamwaga nyingine juu. Nikafagia upande wa abiria, zikatoka zenyewe. Upande wa dereva, chini ya pedeli, zikagoma. Zimegandamana kama ukoko wa wali! Nikazikwangua kwa kisu, nikanusa. Si tope. Ni harufu ya mafuta ya breki! Na chini yake rangi ya bati imebanduka yote.

Nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Baba Yusta, njoo umwone mchawi!" Akaja, akaangalia, akasema ni maji ya miguu yake. Maji! "Tangu lini maji yanabandua rangi?" Nikamtuma yeye mwenyewe akamlete fundi.

Fundi Kaspari akapiga magoti mlangoni. Kuna masta silinda, kile kibomba kinachosukuma mafuta kwenda magurudumuni ukikanyaga. Akavuta kifuniko cha raba mahali fimbo ya pedeli inapoingia, na mafuta yakammwagikia kiganjani. Raba za ndani zilikuwa zimelika. Kila tukikanyaga, mafuta yanapita nyuma, yanafuata fimbo, yanadondoka ndani ya gari, na pumba zinakunywa. "Nimetafuta chini ya gari siku zote hizi," akasema, "kumbe linavujia ndani." Haleluya! Mungu alitufungua macho, ndugu zangu, na alitumia ufagio.

Mnadhani baba mdogo alinyamaza? "Na hizo raba, nani kazila?" Nikamjibu, "Miaka, baba mdogo! Miaka!"

Safari ikafa. Raba zikaagizwa Morogoro kwa dereva wa lori. Fundi akafungua masta, akalisugua ndani kwa msasa laini mpaka kutu ikatoka. Baba Yusta akaleta petroli ya kuoshea, akafukuzwa nayo, maana petroli inaharibu raba. Huoshwa kwa mafuta ya breki peke yake. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Fundi yuko chini ya gari, anataka mtu wa kukanyaga pedeli. Baba Yusta aliposogea, mama mkwe akampita, akapanda, akakaa kwenye usukani. Hakuomba ruhusa.

"Kanyaga, mama! Shikilia! Achia!" Wakaenda hivyo kwa muda. Mara mama akasema, "Imegoma kushuka." Fundi akacheka huko chini. "Hapo hapo, mama, shikilia!" Baba Yusta akashika mlango, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, nisamehe." Naye, macho mbele, akamjibu, "Ngoja kwanza. Fundi hajasema niachie."

Alimsamehe baadaye, kwa wakati wake. Mimi bado namsamehe kidogo kidogo.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyetuokoa na mto, akatuokoa na sisi wenyewe. Wewe mwenye jambo lisiloeleweka nyumbani kwako, mtumaini Bwana, muulize yeye, na umwache mama wa watu akae kwa amani. Mama, simama. Simama tu, usione haya, na ukivue hicho kilemba. Mnaona, ndugu zangu? Mvi zake zote zipo.