Kofia ya Mkwe

BAHIYA: Haloo, namba ngeni hii. Nani mwenzangu?

MUNTASIR: Mie, dada. Muntasir. Shikamoo.

BAHIYA: Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti inatoka kama umo ndani ya pipa?

MUNTASIR: Nipo dukani kwa Baba, Mwananyamala hapa. Yangu imeisha chaji, nimeazima simu ya Fransis, yule wa boda anayepaki mbele ya duka. Sikia, shemeji Azzam yupo?

BAHIYA: Yupo kazini Tegeta. Saa hizi anajiandaa kurudi—

MUNTASIR: Na pikipiki?

BAHIYA: Sasa aje Madale na nini, na punda? Kuna nini?

MUNTASIR: Ile helmeti aliyopewa na Baba sikukuu, ndiyo anayovaa?

[Mtandao unakwaruza.]

BAHIYA: Kwa nini unauliza?

MUNTASIR: Mpigie umwambie asiivae. Aiache pikipiki huko huko, apande gari.

BAHIYA: We mtoto umeshanitia hofu. Hebu anza mwanzo.

MUNTASIR: Haya. Leo Baba alikuwa anakwenda Bunju kuhani msiba, rafiki yake wa zamani kafiwa na mkewe. Gari iko gereji. Nikamwambia achukue bajaji, akasema bajaji itamfikisha watu washatoka makaburini. Akamwita Fransis.

BAHIYA: Baba kapanda boda? Na kanzu?

MUNTASIR: Na kanzu. Kaikusanya mapajani kama biharusi anavuka dimbwi. Fransis akampa helmeti ya abiria, akaivalia juu ya baraghashia yake, akafunga mkanda, wakaondoka. Kijiwe kizima kimesimama kinamwangalia.

BAHIYA: Ningetoa chochote nione—

MUNTASIR: Ngoja. Walipofika mbele ya Mwenge, kuna kigari kidogo kikakata kona bila taa. Fransis akafunga breki. Si breki ya kutisha, anasema, ya kawaida tu. Unajua abiria breki zikishikwa anavyokwenda mbele? Kichwa cha Baba kikagonga kichwa cha Fransis kwa nyuma. Kofia kwa kofia. Ko!

BAHIYA: Wakaanguka?

MUNTASIR: Hawakuanguka, wala Fransis hakusimama. Kashapiga gia anaendelea na safari. Mara Baba anahisi kitu kimemdondokea mapajani. Kukiangalia, kipande cha helmeti. Ya kichwani kwake.

BAHIYA: Kwa kugongana tu hivyo?

MUNTASIR: Kwa kugongana tu. Baba akampiga Fransis begani asimame. Akashuka, akaivua, akaigeuza ndani nje. Fransis anasema aliibonyeza kwa kidole gumba ikabonyea kama ndoo ya plastiki. Ndani kuna kisponji kama cha kuoshea vyombo. Akaiangalia muda mrefu, magari yanawapita. Ndipo akauliza, "Fransis, kofia hii umeinunua wapi?"

BAHIYA: Fransis akasema nini?

MUNTASIR: Mwanzo alijifanya hasikii. Baba akauliza tena. Akamwambia, "Kwako, Mzee."

BAHIYA: Ni zile kama ya Azzam.

MUNTASIR: Zile zile. Zinazong'aa, zina stika ya ubora nyuma. Nilimwambiaga Baba mapema, hizi nyepesi mno, na stika zenyewe zinabanduka kwa kucha. Akanijibu kofia nyepesi haichoshi shingo. Na kwamba trafiki akikusimamisha anataka kuona kofia kichwani, hakuulizi imetengenezwa na nini.

BAHIYA: Hayo hayo alimwambia Azzam siku anampa. Tena kamvalisha mwenyewe mbele ya wageni. Msiba je?

MUNTASIR: Hakufika. Alimwambia Fransis ageuze. Na kurudi huko kote alikuwa kichwa kitupu, helmeti kaikumbatia kifuani, kamwambia aende polepole. Kafika hapa hakusalimia mtu. Kachukua ngazi, kazishusha zote ukutani mwenyewe, nikitaka kumsaidia ananionesha mkono nikae. Kazipanga chini mlangoni, akamwomba Fransis azipitie juu na pikipiki.

BAHIYA: Zote?

MUNTASIR: Zote, nenda rudi. Watu wamejaa, wengine wanapiga picha, wanadhani tunatangaza biashara. Zinapasuka kama maganda ya mayai. Zimeisha, kila dereva wa kijiweni aliyenunua kwetu akaambiwa arudishe, atapewa nyingine ya maana zikija. Halafu kakaa. Mara akaniuliza, "Azzam anarudi saa ngapi?"

BAHIYA: Aliuliza hivyo?

MUNTASIR: Hivyo tu. Akaniambia nikupigie. Nikamwambia piga wewe, akageukia kusafisha mizani. Dada, mpigie shemeji basi, unanichelewesha—

BAHIYA: Tulia. Azzam hana hiyo kofia.

MUNTASIR: Kaipoteza?

BAHIYA: Hajawahi kwenda nayo kazini hata siku moja. [Anashusha sauti.] Alinunua yake wiki ile ile, nzito, ina sponji gumu ndani. Hii ya Baba iko uani, kuku wangu anatagia.

MUNTASIR: Kuku—

BAHIYA: Ngoja nikwambie. Lakini kila tukija kwenu anakuja nayo. Ninamhamisha kuku, naifuta, naibeba kwenye mfuko. Tukikaribia Makumbusho tunasimama kituo cha mafuta, anavua yake anavaa ya Baba. Tukiondoka tunasimama tena. Hadi wauza mafuta wanatujua. Hakutaka kumvunjia mkwewe heshima. Na wewe usije ukamwambia Baba, utamuumiza.

[Honi ya pikipiki kwa mbali.]

BAHIYA: Muntasir?

MUNTASIR: Dada, spika ya sikioni ya simu hii imekufa.

BAHIYA: Kwa hiyo?

MUNTASIR: Kwa hiyo nimeweka sauti kubwa.

BAHIYA: Na Baba yuko wapi?

MUNTASIR: Hapa.

BAHIYA: Hapa wapi?

MUNTASIR: Hapa ubavuni kwangu.

BAHIYA: Yallah. Amekasirika?

MUNTASIR: Sijui. Kajifunika uso na baraghashia. Mabega yanamtikisika.

BAHIYA: Analia?

MUNTASIR: Analia au anacheka, mie sijui. Fransis naye kainama anajifanya anaangalia tairi.

BAHIYA: Baba, shikamoo. Tusamehe, Baba, hatukuwa na nia—

MUNTASIR: Anakupungia mkono unyamaze. Anasema, Alhamdulillah. Anasema tena, Alhamdulillah. Ngoja, kuna kitu anauliza... Dada, salio la Fransis linaisha, imeshalia. Anauliza hiyo ya Azzam, mkanda wake unakaza vizuri kidevuni?

BAHIYA: Mwambie unakaza. Mwambie namfunga mie mwenyewe, kila asub—

[Mlio. Simu imekatika.]

MUNTASIR: Haloo? Dada? Haloo...? Limekwisha. Unakaza, Baba. Kasema unakaza.